Jinsi Nilivyolainisha Maji ya Samaki wa Kaka

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Wenzangu wanakula nyama. Mimi niko nyumbani kwa marehemu kaka yangu Nikodemo, hapa Tarime mjini, natazama samaki. Tumemzika juzijuzi tu. Kaka alipika kwenye kambi ya watalii huko Ikoma miaka mingi, na alipostaafu hakurudi na ng'ombe kama mwanaume. Alirudi na tangi la kioo! Ndani kapanda majani marefu kama ya kitunguu, na visamaki vyenye mikia ya rangirangi kama kanga. Mkubwa wao alimwita Meneja, kwa sababu anazungukazunguka tu, kazi haionekani.

Jumamosi ya tarehe 19 ukoo unakaa kumchagua msimamizi wa mirathi. Shamba, nyumba, ng'ombe waliowekwa kwa watu. Nani mwingine kama si mimi, Machage, mdogo wa marehemu, mtu niliyeshika dhahabu kwenye machimbo ya Nyakunguru, kubwa kama kichwa cha mbuzi? (Shimo liliimeza tena. Sitaki kuongelea.) Tatizo ni mzee Waitara, mkubwa wa ukoo. Ananiangalia kama mwizi wa kuku. Leo kasema mbele ya watu kwamba anayeshindwa kutunza kidogo asipewe kikubwa. Basi nikasimama: samaki wa kaka nitawatunza mimi! Shemeji yangu Verdiana, mjane, akashika kichwa. Furaha hiyo.

Jumanne, 8 Julai

Beatrice, binti wa marehemu, kapiga simu kutoka chuoni Dodoma. Shikamoo baba mdogo. Marahaba. Sauti ndogo. Anasema baba yake alikuwa akimpigia kila jioni na kuielekeza simu kwenye kioo, wanawatazama samaki pamoja. Anasema ndicho kitu pekee cha baba ambacho bado kinatembea. Akanisihi nimtunzie wazima mpaka aje kwenye kikao. Halafu maelekezo: maji ya kisima hiki ni magumu, yana chokaa, lakini samaki na majani ya baba yameshayazoea hivyo hivyo. Jumamosi nitoe ndoo moja, niweke ndoo moja ya kisimani. Basi. Nisiongeze kitu.

Ndoo moja! Mimi ambaye kambare wa Mto Mara aliniburuta mpaka Kenya nikarudi bila pasipoti, leo nafundishwa ndoo! Lakini jambo moja nimelishika: maji yana ugumu. Na kweli kioo kina ukoko mweupe kama birika la shemeji. Kaka alikuwa anaogelesha viumbe wa Mungu kwenye chokaa.

Alhamisi, 10 Julai

Dullah kaja kutoa pole. Ana duka la vifaa vya umeme karibu na soko, ndiye aliyemuuzia kaka pampu, na yeye ana tangi lake. Mji mzima ni samaki wa Dullah, samaki wa Dullah. Nikamweleza mpango wangu wa kulainisha maji. Akacheka! Akasema, "Mura, samaki hawa wamezaliwa humu. Wewe umekulia ugali wa mtama. Kesho nikuamshe nikulishe keki tupu mpaka ufe, utanishukuru?"

Wivu. Alipoondoka nikachemsha maji, masufuria makubwa matatu. Ukoko ukabaki chini, nikamwita shemeji auone. Akaona mkaa wake tu. Maji yalipopoa nikamimina yote. Samaki wote wakapanda juu, midomo wazi, wanameza hewa. Wananisalimia! Hata Meneja.

Ijumaa, 11 Julai

Visamaki viwili vimeamka vimelala ubavu. Kuku wamefurahi. Na ukoko kwenye kioo uko pale pale.

Nimekaa jikoni nawaza. Verdiana anachemsha maharage tangu asubuhi, bado ni changarawe. Kwa maji haya! Akachukua kipande cha magadi, akatia chunguni. Kabla sijamaliza kumsimulia habari ya yule kambare, maharage yameiva, unaweza kumlisha bibi asiye na jino.

Nikaruka! Wasomi wote wa Dodoma hawajaliona hili. Kama magadi yanalilainisha haragwe, ambalo ni jiwe, maji yatabisha?

Jumapili, 13 Julai

Wamekwenda kanisani. Nikasema mgongo unauma. Nikayaponda magadi yote yaliyokuwa kwenye kopo, maana mambo ya nusunusu ni ya akina Dullah. Nikamwaga. Maji yakageuka meupe kama uji. Ugumu unatoka! Nimeuona kwa macho yangu! Baadaye ule weupe ukatua chini kama unga, ukayafunika majani, maji yakabaki yanang'aa. Ukiyashika yanateleza kama sabuni. Laini kabisa.

Samaki? Walikimbia huku na huku kama nyumba inaungua. Halafu wakaacha. Mmoja mmoja, tumbo juu. Meneja alikuwa wa mwisho. Alikuja mpaka kwenye kioo, mbele ya uso wangu, akafungua mdomo, akafunga, akafungua. Sikupenda alivyonitazama.

Nimewaopoa kwa kichujio cha chai. Nikalifunika tangi kwa kitambaa cha meza. Shemeji aliporudi nikamwambia wapumzike, mwanga unawachosha.

Jumatano, 16 Julai

Kitambaa bado kipo. Chini yake panaanza kunuka. Verdiana kila akipita anakitazama, halafu anaitazama picha ya kaka ukutani. Tena anatafuta magadi yake. Nikamwambia panya.

Nimekwenda kwa Dullah. Nikasema nataka kuanzisha tangi langu mwenyewe, anipatie samaki, na mmoja afanane na Meneja. Akaniangalia. Akauliza, wale wa marehemu wazima? Nikasema wazima kuliko mimi na wewe. Akanichotea kwenye mfuko wa nailoni, hela akakataa, akasema ni kwa ajili ya rafiki yake marehemu.

Nikawamimina tangini. Hawakufika hata chini.

Samaki wa Dullah ni dhaifu. Nilijua.

Ijumaa, 18 Julai

Beatrice kafika. Begi hakulitua. Akaondoa kitambaa, akasimama pale. Majani yamekuwa kahawia, yamelala kama nywele za maiti. Hakulia kwa sauti, na hiyo ndiyo mbaya. Anayelia kwa sauti unamwambia nyamaza. Akaniuliza kama ni ile ndoo ya kisimani. Kama yeye ndiye aliyenielekeza vibaya.

Hapo mtu lazima awaze haraka. Kesho kikao. Nikavuta pumzi kama daktari. Nikamwambia mwanangu, wewe bado mtoto, hukujua, usijilaumu sana.

Sana! Neno hilo nimelichagua vizuri.

Akaingia chumbani kwa baba yake akafunga mlango. Chakula hakugusa. Nimekila mimi, kisipotee.

Jumamosi, 19 Julai

Kikao. Wazee wamejaa uani. Nimevaa koti la kaka, linanibana kwapani lakini heshima ipo. Mzee Waitara akauliza habari za samaki. Nikasimama. Nikasema ndiyo, wamekufa, tena wamekufa kwa maelekezo ya simu kutoka Dodoma. Lakini mimi ni baba. Namsamehe binti yangu mbele ya ukoo wote!

Wazee wakatazamana. Walivyoguswa!

Beatrice aliinamisha kichwa mpaka nikaona kisogo chake tu. Ndipo Verdiana, pale alipokaa kwenye mkeka, akauliza taratibu, "Shemeji, ni panya gani huyo anayekula magadi?"

Swali gani hilo kwenye mirathi? Nikamwambia tusichanganye jikoni na ukoo. Lakini Beatrice alishainuka. Akaingia ndani, akarudi mkono umelowa maji ya tangi, anasugua vidole. Akampa mzee Waitara mkono ule. Mzee naye akasugua vidole vyake. Akanusa. Akafunga macho kidogo. Akasema, "Machage, mura, tupishe."

Nikasubiri nje juani. Niliona wanatafuta namna nzuri ya kunitangaza.

Jumatatu, 21 Julai

Wamemchagua Verdiana mwenyewe asimamie mali ya mumewe. Mimi nimeagizwa nirudi Nyakunguru, na koti niliache. Sawa. Ukoo usioona mbele usilaumu giza.

Asubuhi Beatrice kanifuata nilipokuwa nasubiri gari. Naye anarudi Dodoma, mitihani inaanza keshokutwa. Macho yamevimba. Shikamoo, marahaba. Akasema hakuja kugombana. Hataki niombe radhi, wala hatamwambia mtu. Mama amemwambia ni magadi, na yeye mwenyewe ameyashika maji, lakini haimwingii. Akifunga macho anajisikia kwenye simu akisema ndoo moja, ndoo moja. Halafu anakumbuka nilivyosimama nikamsamehe mbele ya wazee. Anataka kusikia kwa kinywa changu kwamba si yeye aliyewaua samaki wa baba yake. Neno moja tu. "Sema, baba mdogo. Niingie kwenye mtihani nikiwa mwepesi."

Nikamtazama. Kafanana na kaka, hasa hapa kwenye paji. Huruma ikanishika. Nikamwekea mkono kichwani, mbele ya abiria wote, nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie. Nimeshakusamehe, mwanangu. Nenda salama.

Gari likaja, nikapanda. Alibaki amesimama palepale, midomo wazi.

Hata asante! Watoto wa siku hizi.