Lugha ya Meli Yafika Kanyangi

"Nikikupikia wewe, Mutie, ni *baluzu*," Ndinda alikuwa akisema, mkono kiunoni, mbele ya darasa zima. "*Balezu* umeitoa wapi?"

Mutie, jirani yake na dalali wa mbuzi, akamwambia yeye hukaa mbele na masikio yake hayana kutu.

Wakamgeukia Mwalimu Nzomo. Huyu alikuwa ameingia Kanyangi mwaka wa 1974, viatu vikimetameta, na habari kwamba kampuni ya meli inaandika watu kazi, mradi wajue Kimelta, lugha ya mabaharia. Karo, mbuzi mmoja. Kimelta chenyewe alikitunga asubuhi akinyoa ndevu, na jioni alikuwa amekisahau.

Mwongo mchanga angetoka jasho. Nzomo aliona mbuzi.

"Wote mko sawa," akasema. "*Balezu* ni kumpikia mtu wa kwenu, *baluzu* ni kumpikia mgeni. Hiyo ni ngazi ya pili." Ngazi ya pili nayo ilikuwa na mbuzi wake.

Walilipa. Lakini kila mmoja alimfuata pembeni amthibitishie, na kila mmoja akapewa jibu jipya. Walipolinganisha majibu wakajua wamelaghaiwa, ila hawakupiga kelele. Waliketi na wenzao katika hoteli ya Ndinda, wakaipangia ile lugha kanuni zao, wakaizoea hadi wakawa wanasengenyana nayo.

Siku ya soko Muktar, mnunuzi kutoka Garissa, alileta lori. Nzomo akaswaga mbuzi wote wa karo akauze. Pembeni walisimama watu wa Ikutha waliokuja kujiandikisha, kila mtu na mbuzi wake kwa kamba.

Mutie akajitokeza, akamuuliza mwalimu swali refu kwa Kimelta. Nzomo hakuambulia hata neno. Akatazama zile kamba za Ikutha, akakohoa kisomi.

"Ndiyo. Kabisa."

"Umesikia, Muktar?" Mutie akasema kwa Kiswahili. "Nimemuuliza kama hizi mbuzi alikuwa anatuchungia tu, na leo anaturudishia."

Muktar akamuuliza Nzomo kama ndivyo. Watu wa Ikutha wakatega masikio.

"Ametafsiri vizuri sana," Nzomo akasema.

Mbuzi wakarudi makwao. Lori likaondoka tupu. Watu wa Ikutha wakashauriana kidogo, wakaenda kujiandikisha kwa Mutie, maana ndiye aliyeonekana kujua zaidi.

Nzomo akabaki amesimama juani. Ndinda akatokea mlangoni mwa hoteli, akipangusa mikono.

"Mwalimu, ingia ule kwanza," akasema. "Leo unasafiri."