Masharubu Meusi ya Mtu wa Stoo

Jumapili, 8 Machi
Bosi katangaza: stoo inataka mkuu mpya. Usaili Jumatano. Eti anataka damu changa! Mimi, miaka kumi na tisa ndani ya stoo hii, kichwa cheupe pe. Mpinzani wangu ni mmoja tu, Miwani wa meza ya pili. Ana hamsini na mbili, nywele nyeusi tii. Haiwezekani!

Nimenunua rangi ya nywele. Karatasi ya maelezo ndani ya pakiti inasema nipake kidogo mkononi, nisubiri siku mbili. Siku mbili! Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nimepaka kichwa chote na masharubu. Mama watoto kanikuta sebuleni, kauliza mumewe kaenda wapi.

Jumatatu, 9 Machi
Ushindi! Mlinzi wa getini kaniita kijana. Miwani kanitazama mara tatu, kisha kanikaribisha karanga. Wema wa ghafla! Nimekula nyingi. Bosi naye kapita, kachota.

Masikio yanawasha kidogo. Wivu wa watu huo.

Jumatano, 11 Machi
Mungu wangu! Nimeamka sioni! Macho yamefumba, uso umeumuka, masharubu yanachuruzika maji. Mama watoto kapiga yowe, majirani wakaja.

Nimekwenda usaili hivyo hivyo. Kaniongoza shemeji, kaka wa mke wangu, anayelala kwenye kochi letu tangu mwaka jana. Mbele ya wote nimemnyooshea Miwani kidole, nikasema kanilisha sumu kwenye karanga. Kumbe nimemnyooshea mhasibu. Bosi kanikumbusha kwa upole kwamba karanga zile alikula na yeye. Nimetamani ardhi inimeze.

Alhamisi, 12 Machi
Daktari kacheka, kisha kanikaripia. Kasema huu ni mzio: kinga ya mwili inapigana na kitu kisicho adui. Ziko aina nne! Kuna unaokuja kwa dakika, kama wa karanga au nyuki, na unaweza kukuziba koo. Kuna wa kushambulia damu uliyoongezewa isiyolingana na yako. Kuna ambao mabaki ya vita hivyo huganda kwenye figo na viungo. Wangu ni wa nne, unaojivuta siku mbili ndipo ulipuke. Kauliza kama nimewahi kupaka rangi. Nikakumbuka: siku ya harusi, masharubu. Miaka ishirini na sita! Mwili wangu mwenyewe umeniwekea kinyongo muda wote huo, nami naulisha!

Kasema nisiguse rangi tena maisha yangu yote. Safari ya pili itakuwa mbaya kuliko hii.

Jioni, mshtuko mwingine. Miwani kaja kunijulia hali. Kumbe yeye ndiye aliyemwomba bosi aahirishe usaili hadi Jumanne, ili nipone. Anatafuta nini mtu huyu?

Jumatatu, 16 Machi
Uvimbe umekwisha. Mvi zimeanza kuchungulia. Usaili ni kesho!

Nimenunua rangi ya kahawia. Daktari alikuwa anasema ile nyeusi. Na safari hii sina papara, nimefuata karatasi neno kwa neno. Juzi nilimpaka shemeji mkononi akiwa anakoroma kwenye kochi. Siku mbili kamili zimepita. Leo nimemkagua hadi kwapani: hana hata kipele!

Salama kabisa. Napaka sasa hivi.