Barua Mbili za Wapanda Farasi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Bango jipya la manispaa kwenye lango la uwanda. Kuanzia tarehe ishirini na tano, farasi marufuku kwenye njia ya kando ya kijito. Baiskeli ruksa. Mbwa ruksa, wakiwa na kamba. Farasi hapana, watembea kwa miguu wamelalamika. Mwenye pingamizi apeleke barua kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Miaka kumi na moja napita njia ile. Nilianza kama mtunza farasi wa mzee mmoja hapa karibu na kitongoji cha Diepsloot. Alipohamia ng'ambo akaniachia Dachesi, farasi jike, mzee, mpole kuliko watu wengi ninaowajua. Hana pengine pa kwenda. Zizi letu dogo, na nje ya zizi ni lami na malori.

Dachesi akatafuna pembe ya bango. Sikumzuia.

Jumanne, 5 Agosti

Kaja Mansour. Mzanzibari, ana spaza, duka dogo la mtaani, ng'ambo ya barabara na farasi wawili alionunua juzi tu, miaka minne iliyopita. Kaandika barua kwa niaba ya wapanda farasi wote. Anaomba tuachiwe asubuhi tu, kabla ya saa tatu, watembeaji wasisumbuke; jioni hatuihitaji. Barua nzuri, sikatai. Sahihi kumi na saba. Na juu kabisa: Mansour, Mwenyekiti.

Mwenyekiti wa nani? Kachaguliwa lini?

Akaniomba nisaini. Akasema pale manispaa jina wanalolijua ni langu, maana mimi ndiye wa zamani. Kweli tupu. Sasa jina hilo liwe la kumi na nane kwa nini? Nikamwambia nitaisoma kwanza kwa utulivu.

Mke wangu Zuhura akasema nisaini, yaishe. Nikamweleza kwamba hapa pana suala la heshima. Akaendelea kumenya vitunguu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeandika barua yangu. Kurasa tatu. Mansour kaomba asubuhi, mimi nimeomba jioni. Nimeongeza aya moja kuhusu wapanda farasi wa asubuhi, wasio na uzoefu, wanaokimbiza wanyama ovyo na kuhatarisha watu. Sikutaja jina. Sina tabia hiyo.

Nikapanda basi hadi ofisi za manispaa, Braamfontein, nikaipeleka kwa mkono wangu. Dada wa mapokezi akauliza kama hii ni tofauti na ile ya jana. Nikamjibu kwamba hii ndiyo yenyewe. Akagonga muhuri.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya Murielle. Ana miaka tisa, miguu yake dhaifu tangu kuzaliwa. Mama yake, Benita, ni msusi kule Rosettenville, mtu wa Lubumbashi. Kila Jumamosi wanabadilisha teksi mara mbili kuja huku. Namfunga mkanda mtoto, nashika hatamu, tunakwenda mpaka kijitoni na kurudi. Juu ya farasi Murielle ni mrefu kuliko sisi sote. Huwapungia mkono watembeaji, nao humpungia.

Leo Benita kaliona bango. Akaniuliza taratibu, mtoto asisikie, "Papa Bakiri, njia itafungwa kweli?"

Nikamwambia suala liko mikononi mwangu. Akashusha pumzi. Nikajisikia mtu mkubwa.

Alhamisi, 21 Agosti

Ofisa wa manispaa kapiga simu. Sauti ya upole, ndiyo iliyoniumiza zaidi. Akasema walikuwa karibu kutuachia asubuhi, barua ya kwanza iliwashawishi. Kisha wakasoma ya pili.

"Wewe mwenyewe umeandika kwamba wanaopanda asubuhi ni hatari," akasema. "Na wengine wote wameandika kwamba jioni hawahitaji. Tungefanyaje?"

Nikamwambia nilimaanisha mtu mmoja. Akasema hilo halikuandikwa.

Njia inafungwa.

Nimekaa zizini mpaka chai ikapoa. Mansour kapita, kashasikia. Hakunigombeza. Kaniambia farasi wake mmoja anamuuza, huyo mwingine bado anafikiria. Eish. Angenigombeza ningejua la kumjibu.

Jumamosi, 30 Agosti

Langoni wameweka vyuma vya kupinda. Mtu anapita, baiskeli inapita. Dachesi kasimama mbele ya vyuma, masikio mbele, akingoja nifungue. Tumegeuka.

Murielle nimemzungusha zizini. Upepo wa Agosti, vumbi tupu. Raundi ya kwanza akaangalia langoni. Ya pili akauliza kwa Kiingereza chake tunakwenda kijitoni saa ngapi. Ya tatu akaomba kushushwa. Tangu nimjue hajawahi kuomba kushuka.

Benita akambeba mgongoni mpaka kituo cha teksi.

Nyumbani nikamwambia Zuhura kwamba kosa ni langu. Akaniwekea nyama mbili zaidi.

Jumatatu, 1 Septemba

Mansour kaja tena. Rufaa inaruhusiwa! Mwisho kesho saa sita. Ofisa kasema safari hii wanataka barua moja, sauti moja, na jina langu lazima liwemo, la sivyo hawatafungua hata bahasha. Mansour kashaiandika. Kamweka Murielle ndani yake, vizuri mno, nikairudia mara mbili. Jina lake mwenyewe kalitoa juu. Sahihi kumi na saba ziko pale pale, na juu yazo kaacha nafasi, kaandika kwa mkono: Bakiri, Mwenyekiti.

Akasema, "Kaka, nimekosea kutokukuuliza mwanzo. Saini tu."

Nikamshukuru. Nikamwambia aiache mezani, jioni apitie kuichukua. Nimekaa nayo tangu saa nne. Barua haina kosa. Lakini nafasi aliyoniachia nimeipima kwa kidole. Finyu. Sahihi yangu haiingii pale bila kubanwa, na Mansour sahihi yangu anaijua ilivyo pana.

Nimechukua karatasi nyingine.