Wasikilizaji wa Manyunyu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimesoma mita za maji ishirini na sita. Tatu zimefunikwa na matope, moja ina chura. Soksi chapachapa. Lakini sikununua daftari hili niandike habari za soksi.

Habari kubwa! Mtangazaji wa redio ya mtaani kasema leo saa kumi kwamba bendi itakayoandikiwa barua nyingi zaidi wiki hii itapiga moja kwa moja studio Jumamosi. Anataka barua za karatasi, zitumbukizwe kwenye sanduku mlangoni kwake. Ujumbe wa simu umemchosha. Nami ndiye meneja wa Manyunyu. Hakuna aliyenichagua, lakini hakuna aliyenikataza.

Manyunyu ni watu watatu. Mdogo wangu wa kike anaimba na kupiga gitaa. Mumewe, fundi makochi, anapiga besi. Mwalimu wa hisabati wa shule ya jirani anapiga ngoma, na kati ya pigo na pigo unaweza kufunga kamba za viatu. Ni roki, ila roki iliyomeza dawa ya usingizi. Gitaa linasikika kama linapigwa nyumba ya pili na mtu anayewaza mengine. Wimbo wao mfupi kabisa una dakika tisa.

Mazoezi ni kwenye karakana ya Shemeji, wasikilizaji wanakaa juu ya makochi ya wateja. Hapo ndipo maoni hugawanyika. Wiki iliyopita walikuja tisa. Wanne waliokaa macho walisema hawajapata kusikia kitu kizuri namna hii. Watano walilala fofofo. Kati ya hao watano, wawili walisema muziki umewachosha, na watatu wakauliza watapiga tena lini.

Adui yetu ni Kinyozi. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa nyumba yetu, palepale kwenye chumba cha nyuma. Anapenda muziki wa kasi. Anawaambia wateja kuwa Manyunyu wanapiga kama watu wanaotafuta ufunguo gizani. Wateja wanacheka. Wembe uko shingoni, watafanyaje?

Wimbo mkubwa wa Manyunyu unaitwa "Chumba cha Nyuma". Humo ndimo alimolala Mama mpaka mwezi wa saba, alipotutoka. Mdogo wangu alizihesabu pumzi zake za siku za mwisho kwa saa ya ukutani, na baadaye akampa Mwalimu ile hesabu awe anapiga ngoma kwa mwendo huo. Mwalimu hajui imetoka wapi. Tunajua mdogo wangu na mimi tu. Una dakika kumi na tatu. Kila wanapouanza, mimi hukumbuka nina shughuli nje.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika barua tano kabla ya kwenda kazini. Mbili kwa mkono wa kushoto. Nimesaini Mpenzi wa Utulivu, Mstaafu, Mama wa Watoto Wanne, Mgonjwa wa Presha na Mwanafunzi. Yule Mama wa Watoto Wanne ana hati mbaya sana, maskini, lakini ana moyo.

Zimesomwa saa kumi. Nilisikiliza nikiwa nimechuchumaa kwenye mita ya watu, wenye nyumba wakidhani maji yao yana kasoro. Mtangazaji kapiga miayo hewani! Kasema sifa tupu hazinogeshi kipindi. Kasema pia kuwa Radi, bendi ya vijana wa kasi anaowapenda Kinyozi, wana barua kumi na mbili.

Jioni nimepita kibandani. Kinyozi kaniuliza, mbele ya watu, kama ni kweli Mama wa Watoto Wanne anapata nafasi ya kusikiliza wimbo wa dakika kumi na tatu. Wateja wakaangua kicheko. Nilijibu kwamba watoto wanalala. Kasema bila shaka, kwa wimbo ule.

Nimelala bila kula.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua! Penye ubishi ndipo watu hujaa. Manyunyu hawahitaji kusifiwa, wanahitaji kutukanwa. Wakitukanwa vizuri, wanaowapenda watakasirika na kushika kalamu.

Nimekaa ofisini kwenye benchi la akiba, mvua ikigonga bati, nimtukane mdogo wangu. Kazi ngumu kuliko nilivyofikiri. Nilimbeba mgongoni mtoto yule. Barua ya kwanza ilisema wimbo ni mrefu kidogo. Ya pili ilisema labda ungepunguzwa ubeti. Hayo si matusi, hayo ni ushauri nasaha. Nikafumba macho, nikauwaza wimbo wenyewe, na kalamu ikaenda yenyewe.

Nainakili hapa kwa kumbukumbu: "Wimbo huu unakwenda kama pumzi za mgonjwa asiyepona. Unakaa unahesabu, unangoja inayofuata. Inakuja. Unangoja tena. Mwisho unatamani yaishe tu, utoke nje ukavute hewa." Saini: Mkweli.

Barua kali! Nikaandika na tatu za kumshambulia Mkweli, moja ikimwita mtu asiye na mama. Nimetumbukiza hizo nne saa saba.

Saa kumi Mtangazaji kaisoma ya Mkweli kwa sauti nzito, mara mbili. Mtaa umewaka moto. Muuza mkaa kasema Mkweli kasema kweli. Mkewe kasema Mkweli achapwe. Nimewaacha wakibishana, mita yao sikuisoma.

Alhamisi, 6 Machi

Barua thelathini na moja! Zangu ni tisa tu. Nyingine zimeandikwa na watu halisi, wenye miguu na anwani. Mtangazaji kaomba sanduku kubwa zaidi.

Nimekwenda karakana kutoa taarifa. Nimemkuta Shemeji peke yake, anang'oa pini za kochi kuukuu. Gitaa la mdogo wangu limewekwa sakafuni, limegeuzwa uso chini. Nikauliza mazoezi saa ngapi. Kasema hakuna.

Kanieleza. Jana walikuwa wote wawili hapo, redio imewashwa. Barua ya Mkweli iliposomwa mara ya kwanza, mdogo wangu aliacha kushona. Iliposomwa mara ya pili aliomba redio izimwe. Akakaa kwenye kochi lisilo na sponji, juu ya mbao tupu, mpaka giza likaingia. Ndipo akasema kuwa aliyeandika alikuwa mle chumbani. Haiwezekani mtu wa nje kujua habari za kuhesabu na kungoja.

Hataimba tena mpaka mtu huyo aje mwenyewe, aseme ni mimi. Shemeji kasema mkewe hana nia ya kugombana naye. Ana swali moja tu la kumuuliza: kama ni kweli alitamani yaishe.

Shemeji akang'oa pini nyingine, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwambia ni kweli kabisa, na kwamba mimi huyo Mwalimu sijawahi kumwamini.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nimepita mbele ya chumba cha nyuma nikafunga mlango, ingawa ulikuwa umefungwa.

Ijumaa, 7 Machi

Mtangazaji kathibitisha. Manyunyu washindi, barua arobaini na nne dhidi ya kumi na tisa za Radi. Ushindi mkubwa kama huu, na bendi haina mwimbaji!

Nimepata njia. Mtu akiwa na jeraha, mpe adui wa kumchukia, atainuka. Nimekwenda kwa mdogo wangu asubuhi kabla ya kazi. Yuko jikoni, macho yamevimba, anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Nikasema ukuta una masikio, na ukuta wa chumba cha nyuma una masikio ya Kinyozi. Aliyasikia yote kupitia mle. Nani mwingine anayeichukia Manyunyu kiasi kile?

Hakuinua kichwa. Kaniuliza kama nakumbuka miezi miwili ile ya mwisho kibanda cha Kinyozi kilikuwa kimya. Nilikumbuka. Nilidhani redio yake imeharibika. Nilifurahi hata.

Kumbe aliizima mwenyewe. Mdogo wangu kasema Kinyozi alikuja siku ya kwanza, akasimama mlangoni na aproni yake, akauliza kama kelele zinamsumbua mgonjwa. Toka siku ile akawa ananyoa watu kimyakimya. Wateja wengine walimhama. Asubuhi Mama alipofariki, yeye ndiye aliyekuja kuuliza mbona kumetulia hivi. Na mimi sikuwepo. Nilikuwa nimetoka nje kuvuta hewa, nikafika mpaka mita ya mtaa wa tano.

Hilo la mita kasema mdogo wangu. Mimi nilijua nilifika mtaa wa tatu.

Nikamwambia basi, kama si Kinyozi, huenda ni nesi aliyemuuguza Mama. Akasema hapana, Kaka. Akarudia kuchambua mchele.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya studio. Shemeji kakataa kuja. Kasema mkewe hapigi, naye hapigi. Nimembembeleza Mwalimu. Nimemwambia kwamba mdogo wangu kabariki, ana kikohozi tu. Mwongo mimi! Kaja na ngoma zake kwenye toroli, kavaa tai.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Mwalimu apige ngoma, mimi nieleze kwa maneno gitaa lingekuwa linafanya nini. Mtangazaji akasema mameneja hukaa kona ile. Kiti cha plastiki, chini ya saa. Akaeleza kuwa taa nyekundu ikiwaka mlango haufunguliwi, hata kwa dharura.

Taa ikawaka. Mwalimu akapiga "Chumba cha Nyuma", ngoma peke yake, dakika kumi na tatu.

Pigo. Kimya. Pigo. Hakuna gitaa la kujificha nyuma yake, hakuna sauti ya mdogo wangu. Nikaangalia saa, sekunde zikaoana na mapigo sawasawa. Nikaangalia mlango. Taa nyekundu. Pigo. Kimya. Yale ya mwisho mwisho Mwalimu huyachelewesha, ndivyo alivyoambiwa afanye. Nikawa nangoja. Linakuja? Limekuja. Nikangoja tena. Nilimkumbuka Mama sana. Nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili.

Macho yaliniwasha. Studio ina vumbi jingi, nitamwandikia Mtangazaji.

Simu za wasikilizaji zikagawanyika kama kawaida. Mmoja kasema hiyo ndiyo kazi bora ya Manyunyu tangu waanze. Mwingine kauliza redio yake imekufa au vipi. Mwanamke mmoja hakusema kitu, alilia hewani mpaka Mtangazaji akaweka tangazo la sabuni.

Nikirudi nimepita kibandani. Kinyozi kakaa peke yake, mteja hana, redio yake ndogo iko mapajani. Nilitegemea kejeli. Kasema muziki ule bado haupendi. Kisha akasema poleni. Nikamuuliza bili yake ya maji inaendaje.

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu kaniita. Kamtuma Shemeji aende matembezi, na Shemeji hapendi kutembea. Kaweka viti viwili uani, vinatazamana. Kamimina chai vikombe viwili. Mvua imekatika, lakini mawingu yako palepale.

Kasema alisikiliza jana. Nikasema Mwalimu aliharakisha kidogo katikati. Kasema ndiyo, kidogo.

Akaniangalia, lakini si kwa hasira, ningejua. Akasema kuwa siku zile, kuna wakati hata yeye alitamani yaishe. Alilitamka vizuri, taratibu, kama anavyoimba. Akasema alidhani ni yeye peke yake mwenye dhambi hiyo, na tangu Jumatano amekuwa anatamani kukaa na mtu mwingine aliyetamani, wakalia pamoja, basi. Halafu akauliza kama nina neno la kumwambia.

Chai ikapoa. Maneno yalikuwepo. Mawili tu.

Nikasema nimekumbuka kuna mita sikuisoma. Kasema leo Jumapili, Kaka. Nikasema ndiyo, hizo ndizo mbaya zaidi.

Alinisindikiza mpaka mlangoni. Akasimama pale muda mrefu. Nadhani hajalala vizuri wiki nzima.

Nimezunguka mitaa mpaka miguu ikachoka, nikiwaza namna ya kumsaidia. Maskini mdogo wangu! Anahitaji mtu mmoja tu aje akiri, aulizwe lile swali, alijibu. Nikiacha hivi gitaa litaoza sakafuni. Ndipo akili ikafunguka.

Nimekaa mezani, nimeandika barua ya kuomba radhi. Kurasa tatu. Nimeeleza yote: kuhesabu, kungoja, aibu ya kutoka nje, mtaa wa tano, kwamba ndiyo, nilitamani, na kwamba nikitamani nilikuwa nampenda. Sijawahi kuandika kitu cha kweli namna hii. Nimelia mpaka wino ukaenea, ikabidi niinakili upya.

Kilichobaki kilikuwa saini. Nimefikiri kwa makini. Lazima awe mtu ambaye mdogo wangu anamheshimu, ili amsamehe haraka.

Nimesaini Kinyozi. Kesho asubuhi nampelekea mwenyewe.