Kamati ya Utambuzi wa Mwenye Hatia

Ilitangazwa rasmi, kipaza sauti kikikoroma, kwamba kuanzia Jumapili ile hakuna ndoa itakayotambulika kuwa imevunjika hadi apatikane aliyeivunja. Asiye na hatia ataruhusiwa kuoa au kuolewa upya. Mwenye hatia atakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, wala hataisogelea meza ya Bwana. Kwa kazi hiyo nzito iliundwa Kamati Maalumu ya Utambuzi wa Mwenye Hatia, na Mchungaji Kiongozi, baada ya kujitafakari kwa kina, akajiteua mwenyewe kuwa mwenyekiti wake.

Mchungaji alikuwa mtu wa utaratibu. Huruma aliiheshimu sana, ila aliona ina tabia mbaya ya kuruka foleni.

Shauri la kwanza lilikuwa la mshonaji, yule aliyedarizi kitambaa cha madhabahuni. Alikuwa ameachana na mumewe, fundi bomba, na sasa alitaka kufunga ndoa na muoka mikate, mgane ambaye watoto wake walikwisha kuanza kumwita mama. Alitaka ifungwe pale pale, mbele ya kitambaa chake. Bila idhini ya kamati, hakuna harusi.

"Nani alikosa?" Mchungaji aliuliza.

"Hakuna, baba. Tulishindwana tu."

"Kushindwana hakumo katika kanuni. Fundi, unasemaje?"

"Huyu hana kosa hata chembe."

"Basi kosa ni lako."

"Hilo nalikataa," mshonaji akadakia. "Ni mtu mwema. Bomba la jikoni kwangu likivuja, anakuja mpaka leo."

Wajumbe walitazamana. Wema wa kiasi hicho ulikuwa unahujumu kazi ya kamati. Mzee mmoja wa kanisa alipendekeza wapewe wiki moja wakagombane vizuri. Wakaenda, wakarudi wakicheka. Walijaribu kwa moyo wote, walisema, ila muoka mikate aliwaletea mkate wa moto wakaishia kupiga soga.

Mchungaji alichukia, kisha akapata ufunuo. Akasimama.

"Ndoa aliyoifunga Mungu haivunjiki. Sivyo?"

"Ndivyo," wajumbe wakaitikia.

"Hii imevunjika. Kwa hiyo hii hakuifunga Mungu."

Kilikuwa kilele cha utumishi wake. Katibu aliandika mpaka hapo, akainua kalamu. "Sasa aliifunga nani, mwenyekiti? Panatakiwa mtu."

Fundi bomba akajikuna kichwa. "Si wewe, baba? Wiki ile ya harusi tulikuja kukuambia hatuelewani, tuahirishe. Ukasema kadi zimeshagawiwa, tusikutie aibu."

"Nililia humu humu ofisini," mshonaji alisema, na machozi yakamlenga tena. "Ukaniambia nitazoea."

Kura ilipigwa haraka, maana wajumbe walikuwa na njaa. Mwenye hatia alipatikana bila kupingwa, na Mchungaji, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akatia sahihi kwa mkono wake.

Jumamosi iliyofuata mchungaji msaidizi alifungisha ndoa. Watoto wa muoka mikate walimshika mshonaji mkono huku na huku, naye alikuwa na furaha isiyofichika. Fundi bomba alipiga makofi kuliko wote. Mchungaji alikuwa benchi la nyuma, ambako mlango ulimgonga goti kila mchelewaji alipoingia. Wenyeji wa benchi hilo walimsogezea nafasi kwa adabu, wala hawakumwuliza alichofanya.

Mkewe akaingia na kofia mpya. Mchungaji akapapasa nafasi iliyobaki ubavuni pake.

"Keti hapa, mama."

Mkewe alimtazama kwa upole. "Hilo ni benchi la wenye hatia, baba watoto. Mimi, kwa kanuni yako, sina hatia. Niko huru."

Akaenda zake mbele, akapishwa. Mchungaji alitaka kukata rufaa papo hapo. Lakini rufaa zote husikilizwa na mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa amesimamishwa.