Nguo ya Kuzamia Iliyonizalisha Sokoni Garsen

Sijazaa. Naanza na hilo kwa sababu tangu adhuhuri simu yangu haijapumzika, na wifi yangu aliye Golbanti ameshaniuliza kama ni wa kiume. Hakuna mtoto mpya. Swafiya wangu ni yule yule, bado ananyonya, bado hana hata jino. Mlichokisikia kwenye ile video ya sokoni ni mimi nikivuliwa nguo ya kuzamia. Nimeaibika mpaka masikio yanawaka moto. Tena nina hasira. Kwa hivyo tulieni niwaeleze mwenyewe, kabla hamjaelezwa na wasiojua.

Kuna mradi wa kutunza matumbawe huko upande wa Lamu unaofundisha wanawake kupiga mbizi na mtungi wa hewa mgongoni. Ukifuzu, unaajiriwa. Nikapata nafasi. Mimi! Nimezaliwa Kipini, nimeogelea na leso tangu utotoni, nikamaliza fomu foo, nikaolewa Garsen, na tangu hapo maji ninayoyaona ni ya kufulia nepi. Hii kazi naitaka kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Mitungi watatupa wao, lakini nguo ya kuzamia kila mtu aje na yake. Na leo mwalimu wetu, Madam Rukia, alikuwa anapita sokoni Garsen kutukagua.

Sasa, kuna mama mkwe. Mume wangu yuko Bangale kikazi, mtoto nitamwachia nani kama si bibi yake? Bibi alikubali kwa sharti moja. "Nenda," akaniambia, "lakini umbo lako lisichoreke mbele za watu. Siku nikisikia umevaa kitu cha kukubana, mtoto wako nakuletea huko huko baharini, uzame naye."

Basi asubuhi tukaenda sote watatu, mimi, mama mkwe na Swafiya, hadi kibanda cha Bakari wa mitumba. Nilikuwa nimemwagizia, naye kanitafutia mbili Mombasa.

Ya kwanza nyembamba, laini, inavutika. Mama akaingiza mkono ndani, akaivuta, akaitazama.

"Hii ni soksi," akasema. "Soksi ya mtu mzima."

Ya pili ilikuwa nene kama godoro la mtoto, na pana, imeshonewa mwanamume wa miraba minne. Mimi mitumba nimechambua maisha yangu yote. Unaipima uzito mkononi, unavuta mshono, unaiinua juani uone kama inaonyesha. Nzito ndiyo ya kudumu. Bakari naye akanijaza: "Dada, hiyo nyembamba ni ya watalii kupigia picha. Hii ndiyo ya kuzama!" (Bakari hajawahi kuzama hata kwenye beseni.)

"Ijaribu basi," mama akasema. Alikuwa anatabasamu. Nguo pana, nzito, haichori kitu! Nikaona safari imekwisha kukubalika.

Nikaingia nyuma ya pazia la kibanda. Nivue dera sokoni? Mimi? Thubutu! Nikaivaa juu ya dera. Mnajua dera lina kitambaa kiasi gani. Nililishindilia mguu huu, nikalishindilia mguu ule, lililobaki nikalikunja tumboni. Kisha nikaitazama zipu. Ndefu, kutoka kiunoni hadi shingoni. Nikaiweka mbele, kama ya koti. Tena nikafurahi, nikasema hawa walioshona wana utu, wamemkumbuka mama anayenyonyesha: natoka majini, nashusha zipu, mtoto anapata haki yake. (Nilijiona nina akili sana.)

Nikapandisha zipu. Ikafika kifuani. Ikauma dera. Ikakwama.

Juu haipandi, chini haishuki. Magotini kuna vipande vigumu vya mpira, lakini vyangu vilikuwa nyuma ya magoti, kwa hivyo kukunja mguu hakuna. Mikono imevutwa nyuma kama kuku anayepelekwa kuuzwa. Na jua la Garsen mnalijua! Jasho likaanza kunitiririka ndani, likafika miguuni, likakaa huko.

Hapo ndipo Swafiya akaamua ana njaa.

Nikatoka nyuma ya pazia kwa hatua za kuburura. Mtoto akaniona. Akanitazama kwa makini. Halafu akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. Maziwa nayo yakasikia kilio, yakaanza kumwagika yenyewe humo ndani.

"Mpe ziwa," mama akasema.

"Haifunguki, mama."

"Haifunguki vipi?"

"Zipu imeuma dera."

"Na dera linafanya nini humo ndani?"

Nikaanza kuivuta zipu tena.

Bakari akaingilia: "Makasi msilete! Nguo ya watu hiyo!" Mama akamgeukia mara moja tu, Bakari akarudi nyuma ya marobota yake.

Kizimba cha pili anauza samli mama mmoja Muorma, tunamwita Mama Jilo. Akaja, akanizunguka, akanibonyeza ubavuni.

"Mlazeni," akasema. "Mimi nimewavuta ndama wengi kuliko nyama mlizokula."

Wakatandika mkeka. Wanawake wakafungua leso zao wakanizungushia ukuta, kama ilivyo ada mwenzao akiwa taabani. Mungu awalipe. Lakini mnajua leso zikizungushwa hivyo sokoni watu huwaza nini? Wanaume wakajaa. Bodaboda mmoja akapanda juu ya kiti cha pikipiki yake na simu mkononi. Ndani hakuona kitu. Alisikia tu. Na alichosikia ndicho hiki:

"Mpake samli! Na huku pia!"

"Pumua, mwanangu. Usishindane nayo."

"Siwezi!" (Huyo ni mimi.)

"Unaweza! Bega hilo! Bega limetoka! La pili linakuja!"

"Shikeni miguu, tuvute pamoja! Bismillahi!"

Nikapiga kelele. Swafiya, mikononi mwa bibi yake, akapiga kelele zaidi. Kitu kikatoka kwa mkupuo, na wanawake, kwa furaha tu, wakapiga vigelegele.

Nje, soko zima: "Mashallah!"

Video inaishia hapo. Haikuonyesha kwamba nguo ilitoka na dera langu, kwa sababu zipu ilikuwa haijaliachia. Nilibaki mkekani na fulana iliyolowa maziwa na bukta ya kuchezea mpira ya mume wangu, namba tisa matakoni, nang'aa samli kichwa hadi kidole. Na leso mbili zikafunguka kidogo, ukaingia uso wa mwanamke nisiyemjua.

"Samahani," akasema. "Natafuta anayeitwa Mwanaisha. Wa mafunzo ya kuzamia."

Nikainua mkono. Ukadondosha samli.

Madam Rukia hakucheka. (Afadhali angecheka.) Aliokota ile nguo, akaigeuza. "Zipu hukaa mgongoni," akasema taratibu. "Na unene huu ni wa bahari zenye barafu. Maji yetu ni ya uvuguvugu, hii ingekupika. Tena mpira mwingi hivi unaelea, kuzama ungezama lini? Na ikiwa pana inajaa maji. Chagua nyembamba, ikushike kama ngozi, ila usikose pumzi. Juu yake unaruhusiwa fulana ndefu na bukta pana. Wanafunzi wangu wengi huvaa hivyo."

Mimi nilisikia neno moja tu: ikushike. Nikajua basi, kazi imekwenda. Nikamtazama mama mkwe. Aliinama, akaniwekea Swafiya kifuani na samli yangu yote, akatufunika kwa leso yake. Mtoto akanyonya. Mama akaichukua ile nguo nene, akaipima uzito mkononi.

"Mwanaisha," akasema, "hii ya heshima ndiyo iliyokuvua mbele ya Garsen nzima."

Kisha akapaza sauti: "Bakari! Lete ile soksi."

Machozi yalinitoka, nikasingizia samli.

Mume wangu amepiga jioni. Wenzake huko Bangale wameshampongeza, na yeye, badala ya kukana, amepokea! Nitamalizana naye akirudi.

Jumatatu naondoka. Wewe uliyepanda juu ya pikipiki, namba yake ninayo kichwani, futa hiyo video. Nyinyi wengine chekeni sasa mmalize, kwa sababu nikishafika chini ya maji sitawasikia.