Skafu ya Babu Wattie na Msimu Ulioharibika

Jumatatu, 6 Mei

Sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi. Craigtarvie Albion, timu yetu ya mpira, wanaburura mkia wa ligi kwa sababu yangu. Mimi, Una Geddes, miaka kumi na saba, niliyemaliza shule juzi tu. Oktoba nilifua skafu ya Babu.

Nilitaka kumfurahisha! Babu Wattie hajaruhusu maji yaiguse skafu ile tangu 1981, mwaka Albion walipochukua kombe. Rangi zake mbili, damu ya mzee na njano, zilikuwa zimeshakuwa moja: rangi ya mchuzi. Nikaitia kwenye mashine na sabuni ya lavenda. Ikatoka kama ya dukani. Macho ya Babu ni mabovu, hakuona kitu. Alinusa tu, akasema mwaka huu maua yamewahi.

Siku hiyo tulikuwa wa tatu. Tangu hapo tumeshinda mara mbili. Mbili!

Leo Bwana Lorimer, katibu wa klabu, alikuja nyumbani. Ameniomba niandike tathmini ya msimu kwenye jarida la klabu, kwa kuwa amesikia nilikuwa mzuri wa insha. Niliitikia kwa kichwa. Akanitajia sababu za kufanya vibaya: mshambuliaji kuvunjika mguu, upepo wa baharini, kocha kubadilisha mabeki kila wiki. Nikaandika zote. Sababu yenyewe ilikuwa imeketi mbele yake ikimmiminia chai.

Zimebaki mechi mbili za mchujo dhidi ya Dunmorrow, mabingwa wa daraja la chini yetu. Tukifungwa, tunatoka kwenye ligi tuliyokaa miaka mia na mitatu. Sitini kati ya hiyo Babu alikuwapo, amesimama.

Ni lazima niichafue tena.

Jumatano, 8 Mei

Mpango unaendelea. Nimekusanya mafuta ya pai za kondoo, ule mchuzi mzito wa nyama tunaokunywa uwanjani kwa vikombe, na majivu ya kiko. Limebaki tope. Si tope lolote: la goli la upande wa baharini, lilikofungwa bao la 1981.

Nimeruka ukuta saa kumi na mbili asubuhi. Loo! Sikuwahi kuuona uwanja ukiwa mtupu. Umande kwenye nyasi, jukwaa la mbao limenyamaza, bahari nyuma yake. Nilivua kofia. Sijui kwa nini.

Nilikuwa nimepiga magoti nachimba kwa kijiko pale sauti iliponiuliza kama natafuta pointi zetu. Dougal Strang! Kipa wetu! Siku za kazi hupeleka barua, na mfuko wake ulikuwa begani. Nikatamani ardhi inimeze. Nikamwambia ni udongo wa nyanya. Akafikiri kidogo, akanishauri nichimbe kushoto, maana huko ndiko alikoangukia mara nyingi msimu huu, bila shaka pamelainika. Mikono yake ni kama masinia! Nilikimbia hadi nyumbani, nikaipaka skafu vyote vinne.

Jumamosi, 11 Mei

Dunmorrow 0, Albion 0. Mara ya kwanza tangu Februari hatujafungwa bao! Kwenye basi la mashabiki viti vyote jirani na Babu vilibaki vitupu. Bwana Lorimer alimuuliza, Wattie, kuna kitu kimekufia shingoni? Babu akamjibu kwamba hiyo ni harufu ya ushindi, na kwamba yeye hawezi kuijua kwa sababu ameanza kuja juzijuzi, 1988. Mbwa mmoja alitufuata hadi kwenye basi.

Nimejiona shujaa. Kimoyomoyo.

Alhamisi, 16 Mei

Nimepiga hesabu. Tabaka moja la uchafu limeleta sare. Matabaka mawili yataleta ushindi. Nimeipaka pai nzima.

Jumamosi, 18 Mei

Marudiano, nyumbani. Watu mia tisa na kumi na mmoja! Mvua ilikuwa inatupiga ubavuni, na hakuna aliyeondoka. Mimi na Bibi Netta tuliuza pai zote kabla ya mapumziko. Sare, 1-1, hadi dakika ya themanini na nne.

Ndipo akaja shakwe, yule ndege mwizi wa baharini. Mkubwa kama bata mzinga. Alizunguka mara moja juu ya jukwaa, akashuka, akanyakua skafu shingoni mwa Babu. Babu akapiga ukelele. Jukwaa zima likageuka. Na mabeki wetu wawili nao wakageuka!

Dunmorrow wakafunga.

Tumeshuka. Na safari hii kosa ni langu kabisa, si la mabeki.

Lakini sikiliza. Kipenga cha mwisho kililia. Kisha mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Babu, shingo tupu, mvua inamchuruzika. Akafuatwa na wa pili. Kisha wote mia tisa. Walipiga makofi dakika kumi! Dougal alilia waziwazi. Kuna aliyemwambia kwa sauti, usijali ndugu yangu, ila Jumatatu barua zangu usiziachie zipite. Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Sijawahi kuona kitu kikubwa namna hii. Sijui kama kipo.

Babu akaenda moja kwa moja dirishani kwa Bwana Lorimer akataka tiketi ya msimu ujao. Bwana Lorimer akasema hata hajui tutacheza na nani. Babu akasema hakuuliza hilo.

Jumatatu, 20 Mei

Dougal ameleta barua, na skafu! Ameiokota kwenye paa la jukwaa. Bibi akaishika kwa vidole viwili, akaidumbukiza kwenye karai. Nikapiga kelele asiifue!

Bibi akaniangalia, akafunga mlango. Kumbe huifua kila Juni, Babu akienda kwa kinyozi, tangu walipooana. Kisha huipaka masizi na mchuzi kidogo, anairudisha kwenye msumari. Nikamuuliza, hata mwaka wa kombe? Hata mwaka wa kombe. Akaniuliza kama nilidhani angeishi miaka yote hiyo na mzoga nyuma ya mlango.

Miaka yote hiyo! Bila kukamatwa! Nusura nikiri langu. Sikukiri. Nilikuwa naitazama sabuni yake: kipande cha kijani, hakina harufu ya maua.

Jumanne, 21 Mei

Nimefikiri kutwa. Kumbe kufua si neno. Kufua hakujawahi kuwa neno! Tatizo ni lavenda.

Nimenunua vipande sita vya kijani, viko chini ya kitanda. Nimemwomba Bwana Lorimer kazi ya kufua jezi za timu nzima msimu ujao. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Hakuna aliyewahi kuiomba. Dougal nitamwomba glavu zake pia, nikipata sauti.

Tathmini nimeipeleka. Sababu za kushuka: majeruhi, upepo, mabeki. Matarajio: makubwa mno. Hapo sikueleza kwa nini. Unajua wewe peke yako, shajara, na nakuomba ulifiche hili mpaka tupande daraja.